Kaka Himyar Ameganda Tena

Mimi kazi yangu ni kutilia shaka. Ni wakala wa forodha hapa Tanga, natayarisha karatasi za malori yanayovuka Horohoro kwenda Mombasa, na mtu akiniambia lori lake limebeba machungwa ya Muheza, jambo la kwanza ninalotaka kujua ni kilichoko chini ya machungwa. Mara nyingi huwa ni machungwa vilevile. Lakini ile siku moja ambayo si machungwa ndiyo inayokufungia ofisi. Watu wananiita Bi Turkiya Mchunguzi, wakidhani silijui jina hilo. Nalijua, na aliyelianzisha namjua pia. Ni Samiha, mwenye duka la fotokopi mlango wa pili, na kila asubuhi tunapeana salamu kama kawaida.

Kwa tabia hiyo, mtu asishangae nikisema kwamba kwenye kompyuta yangu nilikuwa na kivinjari kimoja tu nilichokiamini. Alama yake ilikuwa kasa mdogo wa kijani, basi nikimwita Kasa. Kwa Kasa nilifungua kurasa za forodha, barua za wateja, na darsa za mwezi wa Ramadhani. Hakuwa mwepesi, lakini hakuwa na maneno. Unamwambia nenda mahali, anakwenda, anakuletea ulichokitaka, ananyamaza. Nimefanya kazi na wanaume wengi wasioweza hivyo.

Kisha akaanza kuchakaa. Kwanza yalikuja matangazo, kidogo pembeni, halafu katikati ya ukurasa. Kisha akawa anajifunga mwenyewe nikiwa katikati ya kujaza karatasi. Mwisho likatokea tangazo kwamba waliomtengeneza wamemuuza, na walionunua hawana mpango wa kumtunza tena. Watu wakaniambia, Bi Turkiya, badilisha brauza. Nikawajibu kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Ningebaki naye mpaka leo, kama si ndoa ya Rawan.

Rawan ni binti wa kaka yetu Yazid. Mamake alifariki mtoto angali mchanga, na Yazid naye akamfuata kaburini mtoto hajaanza shule, basi nikamlea mimi. Sasa ni mwalimu wa shule ya msingi huko Pongwe, ana akili zake na ana ulimi wake. Aliyekuja kumposa ni Luqmani, mwana wa Idarusi, mnunuzi wa machungwa wa Muheza, ambaye malori yake yanapita mezani kwangu. Si Mwarabu kama sisi. Ni Mbondei, Mwislamu safi, na nilimchunguza vile ninavyochunguza mzigo. Nilituma mtu msikitini kwao, nikatuma mtu sokoni, nikazungumza na mwenye nyumba aliyempangisha zamani. Wote walimsifu kwa maneno yaleyale, jambo ambalo lenyewe lilinitia wasiwasi, lakini mwisho nikakubali.

Likabaki moja. Mwanamke haozeshwi bila walii, na walii wa Rawan ni kaka yetu mkubwa, Himyar, anayeishi Maskati tangu ujana wake. Goti lilikuwa likimsumbua, kusafiri hawezi. Alipopewa habari za posa alisema, "Mkiwa mmeridhika nyinyi, mimi sina neno." Kilichotakiwa ni amwakilishe Shekhe Masoud, yaani amfanye wakala wake, amwozeshe kwa niaba yake. Lakini Shekhe Masoud ni mtu wa shaka kama mimi, ndiyo maana tunaelewana.

"Sauti ya simu siitaki," alisema. "Siku hizi sauti ya mtu inaigizwa, hata mamake hajui. Nataka nimuone uso, nione kinywa chake kikitamka, na mashahidi waone."

Kaka akasema simu za video za kawaida kule kwake hazipiti, ila kuna ukurasa mmoja wa mikutano unaofunguka kwa kivinjari. Akanitumia linki. Tukapanga Ijumaa baada ya Alasiri.

Ijumaa hiyo wanaume wakakaa sebuleni kwangu, wanawake chumba cha ndani na Rawan kapakwa hina. Kompyuta ya ofisini niliihamishia mezani, nikakaa mimi pembeni na buibui langu, kwa kuwa hapakuwa na mwingine anayemwelewa Kasa. Kaka Himyar akatokea. Alikuwa ukungu mtupu, uso wake vipandevipande, lakini alikuwa ni yeye. Wakasalimiana, wakaombeana dua. Shekhe akamuuliza kama anamwakilisha. Papo hapo kaka akaganda. Mdomo wazi kidogo, jicho limekodoka, basi. Tukangoja, tukamwita, mwisho picha ikakatika. Baadaye akanipigia simu ya kawaida.

"Ni hicho kivinjari chako, Turkiya," alisema. "Kimezeeka. Kitafutie badala."

Ijumaa ya pili, vilevile. Salamu zilipita, dua zikapita, hata habari za goti zikapita. Swali lilipoulizwa, kaka akaganda. Mashahidi wakatazamana. Luqmani alikuwa amekaa mkekani na kanzu yake mpya, akainamisha kichwa, akawa anaokota nyuzi za mkeka.

Wageni walipokuwa wanaondoka, mamake Luqmani, Bi Mwamvua, alinishika mkono mlangoni. Ni mwanamke mpole, na upole wake ulinichoma kuliko matusi.

"Bi Turkiya," alisema, "mtu akikataliwa huambiwa. Sisi kwetu hatusingizii mtandao. Ijumaa ijayo tutakuja, kwa sababu kijana anampenda. Ikiwa vile tena, tutajua tumejibiwa, na hatutakuwa na kinyongo."

Nikaapa kwamba hakuna aliyemkataa. Akanitazama tu, akavaa viatu vyake. Nilirudi ndani nikamkuta Rawan anaitazama mikono yake, hina imekolea vizuri. Hapo nikajua mambo mawili. La kwanza, huyu mtoto akimkosa Luqmani kwa ajili ya kompyuta yangu, hatanisamehe, na sitakuwa na haki ya kumdai msamaha. La pili, kuna mtu nyuma ya jambo hili. Kivinjari kinachochakaa huganda ovyoovyo, kama punda mbishi. Hiki kilikuwa kinajua pa kugandia.

Nikaanza kumshuku kila mtu. Nilimshuku Samiha kwanza, kwa sababu ana binti wa umri wa Rawan, na nilishawahi kumuona akimkaribisha Luqmani chai. Nikaushuku mtandao wa jirani. Nikafikiria na jicho la hasidi, nikasoma na kupulizia kompyuta. Kisha, Mungu anisamehe, nikamshuku Luqmani mwenyewe. Alikuwa amekuja na kisanduku kipya cha mtandao, akasema labda hiki kitasaidia, na mimi nikajiuliza, mtu anayetaka kuoa kwa haraka hivi, kwa nini kisanduku chake kisiwe ndicho kinachoharibu, ili tuchoke tumwozeshe hivihivi bila walii? Mantiki yake siioni sasa, lakini siku ile niliiona wazi. Nikamuuliza mbele ya wapakiaji wake kama ana mke mwingine Muheza ambaye hataki ajulikane kwa kaka yangu.

"Sina, shangazi," alinijibu. Uso ulimbadilika. "Na kisanduku hicho, kama hukitaki, nitakichukua."

Nikakiacha kilipo. Usiku sikulala vizuri.

Asubuhi nikaamua kwamba lolote liwalo, Kasa lazima apate mrithi kabla ya Ijumaa. Nikaweka kiti, nikavaa miwani, nikaanza kuchunguza vivinjari kama ninavyochunguza wachumba.

Wa kwanza alikuwa Kipungu. Huyu alikuja na kompyuta yenyewe, hakuna aliyemwita. Kila nikiwasha ananiuliza kama nataka awe wangu wa kudumu. Nikimwambia sitaki, ananyamaza, kesho anauliza tena kwa maneno matamu zaidi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikampita.

Wa pili alikuwa Pete, anayetumiwa na kila mtu, mwenye alama ya duara la dhahabu. Alikuwa mwepesi, siwezi kumsingizia. Lakini hata sijakaa vizuri akataka jina langu, nambari yangu, nilipo, na ruhusa ya kusikiliza. Hata mshenga akija kuposa haulizi mengi hivyo. Nikamwonjesha kidogo tu: nikatazama mitandio ya harusi kwenye ukurasa mmoja. Kutwa nzima mitandio ile ikanifuata, mpaka kwenye ukurasa wa bei za machungwa, mpaka kwenye darsa. Nikamfunga kwa hasira, nikatoka nje kupunga upepo, nikakutana na Samiha.

"Una nini wewe, umevimba hivyo?" akaniuliza.

"Natafuta brauza."

"Hebu mjaribu Chaza, yakhe. Mimi ndiye ninayemtumia dukani. Haulizi kitu."

Nikamtazama. Kwa nini Samiha anisaidie? Na haulizi kitu, maana yake nini? Mgeni asiyeomba hata maji ya kunywa, mimi simlazi ndani. Lakini nilimpakua, ili nipate kumkamata. Kweli hakuuliza kitu. Akafunguka mweupe, na picha ya chaza aliyefunga mdomo, basi. Nikazidi kumshuku. Nikawa najiuliza swali ninalowauliza wenye malori wanaotoza nauli rahisi kupita kiasi: huyu anakula nini? Mtu akikufanyia kazi bure, kuna mahali anapolipwa, na huenda kinachouzwa ni wewe. Nikayasoma masharti yake yote, yale ambayo watu hubonyeza "nakubali" bila kuyatazama. Nikampigia wakala mwenzangu wa Mombasa anayejua mambo haya, nikamuuliza wamiliki ni akina nani. Akaniambia ni kikundi cha watu wanaoishi kwa michango. Sadaka, kwa maneno mengine. Nikatulia kidogo, maana anayekula sadaka walau anajua kuwa anatazamwa.

Katikati ya juma nikampigia kaka kwa Chaza, kumjaribu. Kaka akatokea, na mimi nikashtuka. Ukungu wote umeondoka. Niliona uzi uliolegea kwenye kofia yake, niliona mvi za nyusi, niliona tasbihi yake ya kahawia ambayo ilikuwa ya baba. Tulizungumza kutwa, hakukwama hata mara moja. Akanikumbusha nyumba yetu ya zamani na bibi aliyekuwa akitukimbiza kwa ufagio.

"Mashallah, nakuona kama uko hapa," nilimwambia. "Naona mpaka kidonda cha wembe kidevuni."

Akashika kidevu. Hakufurahi kama nilivyotegemea.

"Huyo mpya simwamini," alisema. "Ijumaa rudi kwa yule wa zamani. Nimeshamzoea."

"Si ulisema mwenyewe amezeeka, kaka?"

"Nilisema. Lakini mgeni siku ya akdi ya ndoa, sijui. Fanya uonavyo."

Mimi, Turkiya Mchunguzi, ninayefukua machungwa kutafuta kilichoko chini, nililisikia neno hilo na sikulishika. Nilidhani ni utu uzima tu, watu wazima hawapendi mabadiliko. Nikamwondoa Kasa kwenye kompyuta. Nilipoulizwa kama nina hakika, nilikaa kidole kikiwa juu ya kitufe kwa muda. Nilimwonea huruma, lakini pia nilimkasirikia. Kwa ajili yake Bi Mwamvua alinishika mkono mlangoni.

Ijumaa wakaja. Safari hii hawakuja wengi. Bi Mwamvua alikaa ndani karibu na mlango, mkoba haukumtoka mapajani. Rawan alipakwa hina tena juu ya ile iliyoanza kufifia. Shekhe Masoud akapita mlangoni, akamuuliza kama ameridhia kuolewa na Luqmani, naye akajibu ameridhia, kwa sauti ya mwalimu, hata waliokaa kibarazani wakasikia. Kisha nikamwamsha Chaza.

Kaka Himyar akatokea, safi kabisa. Alivaa kanzu nyeupe na kilemba. Mkewe, Ghadir, alikuwa ameshatia udi kwenye chetezo, akakiweka juu ya meza ndogo ubavuni pake, kama ifanywavyo katika nyumba yoyote penye akdi. Salamu zikapita. Shekhe akasoma hotuba yake fupi. Nilikuwa nimekaza vidole ndani ya buibui mpaka vinauma.

"Himyar," Shekhe akasema, "unaniwakilisha nimwozeshe binti ya ndugu yako, Rawan binti Yazid, kwa Luqmani bin Idarusi, kwa mahari waliyokubaliana?"

Kaka akaganda.

Mdomo wazi kidogo. Macho mahali pamoja. Mkono kifuani, na tasbihi inaning'inia.

"Ameganda," akasema shahidi mmoja, polepole, kama mtu anayetangaza msiba. "Ameganda tena."

Ndani nilimsikia Bi Mwamvua akifunga zipu ya mkoba wake. Luqmani akasimama. Akaanza kutafuta kubadhi zake za ngozi kwa macho. Nikashika kipanya, nikitaka kumfunga Chaza na kumfungua Pete, hata anifuate na mitandio yake mpaka kaburini, hata Kipungu, hata shetani mwenyewe. Nikamlaani Samiha kimoyomoyo. Nikasogea karibu na kioo kutafuta pa kubonyeza.

Ndipo nikauona moshi.

Ulikuwa ukitoka kwenye chetezo, mwembamba kama uzi. Ulikuwa ukipanda. Ulipanda mpaka usawa wa bega la kaka, ukajikunja, ukatawanyika, na mwingine ukafuata nyuma yake.

Nilidhani ni macho yangu. Nikafuta miwani kwa ushungi, nikatazama tena. Moshi unapanda. Kaka hajatikisika. Nikajiambia labda vivinjari vipya huganda nusu. Nikatazama jicho la kaka. Lilikuwa limeanza kulowa, vile jicho linavyolowa ukilikodoa muda mrefu bila kupepesa.

Nilikuwa nimewapekua watu wote. Nilimpekua Samiha, nikampekua Luqmani mbele ya wapakiaji wake, nikapekua vivinjari vitatu na masharti yao. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nimepekua nguo za watu. Kasa maskini hakuwa na hatia hiyo. Kosa lake lilikuwa uhafifu, na uhafifu wake ulimpa mtu mahali pa kujificha.

Sikumwambia mtu. Nikainua sauti yote niliyojaliwa.

"Kaka! Kaa la udi limeanguka kwenye zulia!"

Kaka Himyar aliruka. Goti bovu na yote, aliruka, akapandisha kanzu, akainama, akawa anapiga zulia kwa kofi. "Wapi? Liko wapi? Ghadir! Maji!" Sauti ilikuja safi, kila herufi mahali pake.

Kaka akainuka polepole. Akatutazama. Sisi tukamtazama.

"Alhamdulillahi," akasema Shekhe Masoud. "Mtandao umerudi."

Hakuna aliyecheka. Kutoka ndani nikamsikia Bi Mwamvua akisema, "Lahaula."

"Kaka," nikasema kwa hasira, sifichi. "Nilimtukana kijana wa watu kwa ajili yako. Nilimdhania mchawi jirani yangu. Mtoto huyu anapakwa hina kila Ijumaa. Kwa nini?"

Alikaa. Alivua kilemba, akakiweka mapajani, akaonekana mzee.

"Mara ya kwanza iliganda kweli, wallahi," alisema. "Nilikuwa nimefungua mdomo sijui nitasema nini, na picha ikaganda. Nikaona Mungu amenipa nafasi. Ya pili nikajigandisha mwenyewe." Akafuta uso. "Turkiya, huku wananiuliza, binti wa Yazid anaolewa na nani? Nikisema ni muuza machungwa wa Muheza, wananyamaza. Hukujui kunyamaza kwao. Sikupata ujasiri wa kusema ndiyo."

"Basi si useme hapana!"

"Hapana nitaisema kwa uso gani? Yazid aliniusia mtoto wake, nami nikakuachia wewe. Sikumnunulia hata viatu vya shule. Nitamkataza nini mimi?"

Shekhe Masoud akakohoa. "Himyar, walii akizuia bila sababu ya kisharia, njia nyingine ipo. Kadhi husimama mahali pake. Lakini sipendi kupita njia hiyo na ami yake yu hai na ananiona."

Pazia la mlango likafunguka. Rawan akatoka, na mtandio wake, na hina yake, akaja kusimama nyuma ya kiti changu, mahali ambapo kaka angemuona. Wanaume wakainamisha macho. Nilitaka kumrudisha, nikaacha.

"Shikamoo ami," alisema.

"Marahaba, binti yangu."

"Ami, mimi sikujui sana. Nakujua kwenye kioo tu. Ukisema hapana nitalia, halafu nitajua la kufanya. Ukisema ndiyo nitakuombea dua mpaka nife. Lakini usinikalishe hapa kila Ijumaa, nikikungoja uchoke kubana pumzi."

Kaka alimtazama muda mrefu. Safari hii alikuwa anapepesa. Akayafuta macho kwa ncha ya kilemba, sijui kwa moshi ama kwa nini, kisha akakivaa tena, akakinyoosha kama mtu anayeitwa mbele ya watu.

"Shekhe Masoud," alisema, "rudia swali lako."

Shekhe akalirudia, neno kwa neno. Nilitazama kinywa cha kaka. Nilitazama na moshi pia.

"Nimekuwakilisha," alisema kaka Himyar. "Umwozeshe Rawan binti Yazid kwa Luqmani bin Idarusi, kwa mahari waliyokubaliana, na Mungu awe shahidi."

Luqmani alikuwa bado amesimama karibu na kubadhi zake. Shahidi akamvuta kanzu, akakaa, akashikana mkono na Shekhe, akapokea nikahi yake bila kukwama hata herufi moja. Bi Mwamvua ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza. Niliingia ndani nikamwangukia, nikamwambia nilimkosea mwanawe na nimemkosea na yeye. Akanipigapiga mgongoni.

"Mtu mwenye shaka si mbaya," alisema. "Ila uwe unaanzia nyumbani, Bi Turkiya."

Neno hilo nililistahili. Samiha naye alikuja kula halua, nikamkatia kipande kikubwa kuliko vyote, na hakujua kwa nini. Naye kwa kuwa ni Samiha, alikitazama kwa mashaka kabla hajakila.

Watu walipokuwa wameshughulika na kahawa, nikakumbuka kompyuta. Nilikwenda kumfunga Chaza, nikamkuta kaka bado yupo. Alikuwa peke yake, amekaa palepale, chetezo ubavuni, akisikiliza vigelegele vya nyumbani kwetu kutoka mbali. Hasira yangu ilikuwa haijaisha. Lakini nilipomuona amekaa vile, nilimwonea huruma ambayo sikuitaka.

"Turkiya," akaniita.

"Labeka, kaka."

"Nilitaka kukwambia. Yazid, siku ile aliponiusia..."

Akanyamaza. Mdomo umebaki wazi kidogo, mkono ameuinua nusu, macho mahali pamoja. Nikangoja amalizie. Hakumalizia. Nikamwita, hakuitika. Nikajisemea, huyu ananifanyia tena, hata leo, hata kwa neno la marehemu.

Nikasogea karibu na kioo, nikautafuta moshi. Ulikuwa umejikunja karibu na bega lake, na ulikuwa umesimama.

Nikavuta kiti, nikakaa kumngoja arudi.